Nimesoma sheria niwe mtu wa kupokea simu?

SWALI: Shikamoo dada Wakili. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi, niko Houston, nimetoka Dar 2019. Nimepasi mtihani wa uwakili wa Texas na sasa nimepata ofa kwenye ofisi moja ya kesi za majeruhi, ajali za magari, watu walioteleza madukani, walioumia kazini. Kazi yenyewe ni wakili wa kupokea wateja wapya, wao wanaita inteki, yaani mtu akipiga simu mi ndo namsikiliza wa kwanza, naamua kama kesi ichukuliwe, akishasaini faili linaenda kwa wakili mwingine. Rafiki zangu wananicheka eti hiyo ni kol senta ya wenye digrii. Afu kuna kaka mmoja anaendesha brekdauni ameniahidi atakuwa ananiletea watu wa ajali, nimtoe kidogo kwa kila mtu. Nichukue kazi dada?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa mtihani.

La kaka wa brekdauni ni fupi, mwambie hapana leo leo. Texas kumlipa mtu akutafutie majeruhi ni jinai, ni kosa kubwa la jela miaka 2 mpaka 10, na leseni uliyoitolea jasho unaweza kuipoteza. Hata kumwandikia barua mtu aliyepata ajali kumwomba kesi yake huruhusiwi mpaka siku ya 31 tangu ajali. Usimwambie ngoja nifikirie, we mkatalie.

Sasa hao wanaokucheka. Nimekaa kwenye kiti hicho miaka 6 na nakwambia sehemu ngumu ya kazi hiyo ni kusema hapana, kusema ndiyo mtu yeyote anaweza. Kuna kesi ya Minnesota ya 1980 inaitwa Togstad, isome kabla hujaripoti kazini. Mama mmoja mumewe alipooza na akapoteza uwezo wa kuongea akiwa anatibiwa hospitali, akaenda kwa wakili, wakaongea muda usiozidi saa moja, hakulipa hata senti wala hakusaini kitu. Wakili akamwambia sioni kesi hapa lakini nitamuuliza mwenzangu. Mama akasubiri, hakuna aliyempigia, akaona basi ndo imeisha. Hakuambiwa kwamba ana miaka 2 tu ya kufungua kesi ya aina hiyo, alipokuja kumwona wakili mwingine muda ushapita. Juri, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi mahakamani, ikaona ofisi ile imezembea, ikaamriwa kulipa dola 649,500, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikakubali. Ni mazungumzo tu mdogo wangu, bila mkataba, bila ada. Unaona hiyo kol senta ilivyo?

Kwahiyo kila unayemkataa mwandikie barua siku hiyo hiyo, sema hatuchukui kesi yako, hatusemi haina maana, kamwone wakili mwingine haraka kwa sababu kuna kikomo cha muda. Texas kwa kawaida ni miaka 2 tangu kuumia, lakini kama aliyekugonga ni gari la serikali ya jimbo au ya mji lazima taarifa iende ndani ya miezi 6, na miji mingine imeweka muda mfupi kuliko huo. Kwahiyo swali la kwanza kabisa kwenye simu ni uliumia lini, hata kabla ya pole nyingi. Na kabla mtu hajamwaga siri zake zote muulize jina la upande wa pili, usije ukakuta ofisi yenu inamtetea huyo huyo.

Baada ya hapo kuna mambo matatu, kosa ni la nani, ameumia kiasi gani, na pesa itatoka wapi. La tatu ndo linaumiza roho. Bima ya lazima ya gari Texas inalipa dola 30,000 tu kwa mtu mmoja, unaweza kuwa na mtu amevunjika nyonga, bili ya hospitali imeshapita hapo mara tatu na dereva aliyemgonga hana kitu kingine. Hapo ndo unamuuliza kama bima yake mwenyewe ina kipengele cha kugongwa na mtu asiye na bima ya kutosha, na wengi hawajui kama wanacho. Mwambie akutumie karatasi zote, usimtegemee kichwa chake.

Na kuna kitu ofisi hiyo hawana ila wewe unacho, lugha. Mtu wetu ukimuuliza hujambo atakujibu sijambo hata kama mguu umefungwa plasta, ndo adabu tuliyolelewa nayo. Polisi anamuuliza barabarani uko sawa, anasema niko sawa namshukuru Mungu, inaandikwa hajaumia. Mbaya zaidi ni neno pole. Sisi tunampa pole mtu yeyote aliyepatwa, hata kama hatuhusiki, sasa dereva wetu anashuka kwenye gari anamwambia mwenzake sori, sori sana, na mtu wa bima anaichukua kama amekiri kosa. Na Texas ukionekana una kosa zaidi ya asilimia 50 hupati hata dola moja. Ukiwa wewe ndo unapokea simu ya mama wa Kikongo utamwacha amalize salamu, utamuuliza mara ya pili na ya tatu unalalaje usiku, unaweza kumbeba mtoto, na hapo ndo kesi inatoka.

Kazi chukua, ila kabla hujasaini muulize bosi unapimwa kwa nini. Akisema idadi ya waliosaini kwa wiki na hakuna lingine, tafuta ofisi nyingine.

SWALI: Mi niko Amarillo, binamu yangu amekatwa vidole kiwandani. Tulipiga ofisi ya mawakili wakasema hawachukui kesi za kazini. Ndo basi?

JIBU: Pole sana kwa binamu. Sio basi. Texas kampuni binafsi inaruhusiwa kutokuwa na bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini, na kama ya kwake haina, anaweza kuishtaki kwa uzembe, na haiwezi kujitetea kwamba yeye naye alikuwa mzembe kidogo. Kama inayo, njia ni nyingine kabisa, kuna fomu na siku 30 za kumjulisha mwajiri, kwahiyo amjulishe leo kwa maandishi. Piga ofisi nyingine kesho asubuhi, anza kwa kutaja tarehe aliyoumia, na waulize wakuandikie wanachosema.