Walipata majaji, wakapoteza sauti ya kukemea

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki lilisema hivi: "Huko Marekani, je, kanisa ndilo lililokiteka chama cha Republican, au chama ndicho kilicholiteka kanisa?" Mimi ni mzee wa usharika hapa Moshi, na nilifundisha historia sekondari hadi nilipostaafu, kwa hiyo swali limenigusa pande zote mbili. Jibu langu ni kwamba hakuna aliyetekwa. Kanisa liliingia chamani kwa miguu yake, likijua linachotafuta, na kwa kiasi kikubwa likakipata. Lakini lililipia, na lilicholipa ni ile nafasi ya kumwambia mtawala wa upande wake kwamba amekosea. Kwangu mimi hicho ni kikubwa kuliko faida yote waliyovuna.

Kanisa linalozungumzwa hapa si Wakristo wote wa Marekani. Ni Wakristo weupe wa kiinjili (wanaoitwa evangelicals, wanaosisitiza kuzaliwa mara ya pili), hasa Wabaptisti wa majimbo ya Kusini, pamoja na Wakatoliki wahafidhina walioungana nao baadaye. Waprotestanti weusi wanaimba tenzi zilezile na wanaamini kuzaliwa mara ya pili kama wao, lakini walio wengi sana huipigia Democratic. Hilo pekee linatuonyesha kuwa kilichogawa kura si Biblia tu.

Machi 1965, siku ambazo Martin Luther King na wenzake walikuwa wakiandamana kutoka Selma kwenda Montgomery kudai haki ya kupiga kura, mchungaji kijana wa Lynchburg, Virginia, aliyeitwa Jerry Falwell alipanda mimbarani kuwasema wachungaji waliojiunga na maandamano hayo. Alisema wahubiri hawakuitwa kuwa wanasiasa, wameitwa kuokoa roho za watu. Miaka 14 baadaye, mwaka 1979, Falwell huyohuyo alianzisha Moral Majority, jumuiya iliyowaandikisha Wakristo kupiga kura na kuwaelekeza kwa wagombea wa kihafidhina. Ni nini kilitokea hapo katikati?

Wengi hujibu haraka kuwa ni hukumu ya Roe dhidi ya Wade ya Januari 1973, iliyohalalisha utoaji mimba nchi nzima. Kwa Wakatoliki jibu hilo lina ukweli, maana maaskofu wao walikuwa wameshaanza kupinga hata kabla ya hukumu. Kwa Wabaptisti wa Kusini mambo yalikuwa tofauti. Mkutano mkuu wao wa mwaka 1971, uliofanyika St. Louis, ulipitisha azimio la kutaka sheria iruhusu mimba kutolewa pale mwanamke alipobakwa, pale mtoto anapoonekana kuwa na ulemavu mkubwa, au pale afya ya mama, hata ya akili, inapokuwa hatarini. Mwaka 1974, Roe ikiwa imeshatoka, walilithibitisha tena azimio hilo. Hawakuwa watu waliolala wakaamka na hasira asubuhi ya hukumu.

Kilichowauma mapema zaidi kilikuwa shule zao. Baada ya Mahakama ya Juu kupiga marufuku ubaguzi katika shule za serikali mwaka 1954, wazazi weupe sehemu nyingi za Kusini walifungua shule binafsi, nyingi zikiwa chini ya makanisa. Falwell naye alifungua ya kwake mwaka 1967. Mwaka 1971 mahakama iliamua kwamba shule binafsi inayobagua kwa rangi haistahili msamaha wa kodi. Chuo cha Bob Jones cha South Carolina, ambacho hadi mwaka huo kilikuwa hakipokei wanafunzi weusi kabisa, na baadaye kikawapokea huku kikikataza vijana wa rangi tofauti wasichumbiane, kilipoteza msamaha wake mwaka 1976. Mwaka 1978 idara ya kodi ilipotangaza kanuni kali zaidi kwa shule binafsi zilizozuka wakati wa kuchanganywa kwa wanafunzi weupe na weusi, barua za malalamiko zilimiminika Washington. Mwanamkakati wa wahafidhina, Paul Weyrich, alikuwa kwa miaka mingi akitafuta jambo la kuwaamsha wachungaji hawa. Yeye mwenyewe alikuja kueleza kwamba jambo lililowaamsha kweli lilikuwa hilo la serikali kuingilia shule zao. Utoaji mimba ulipandishwa juu baadaye kidogo, na ndio uliobeba bendera, kwa kuwa ulikuwa na nguvu ya kuwaunganisha Wabaptisti na Wakatoliki ambao kabla ya hapo hawakuwa wakiketi meza moja.

Siandiki haya kuwadharau mamilioni ya waumini waliojiunga miaka iliyofuata. Naamini pamoja nao kwamba uhai wa mtoto aliye tumboni ni wa thamani mbele za Mungu, na sina shaka na machozi ya wengi wao. Lakini historia ina haki yake. Nyumba ile ilianza kujengwa kwa ajili ya kodi na rangi kabla haijaandikwa jina la mtoto mchanga mlangoni.

Uchaguzi wa 1980 ulionyesha waliyoamua. Upande mmoja alisimama Rais Jimmy Carter wa Democratic, Mbaptisti wa Kusini aliyefundisha shule ya Jumapili kijijini kwake Plains, Georgia, kabla ya urais na karibu hadi mwisho wa maisha yake. Upande wa pili alikuwa Ronald Reagan wa Republican, mtu aliyekuwa ameachana na mke wake wa kwanza, na ambaye akiwa gavana wa California mwaka 1967 alitia saini sheria iliyolegeza masharti ya utoaji mimba. Agosti 1980 Reagan alikwenda Dallas kukutana na maelfu ya wachungaji na waumini. Aliwaambia anajua kuwa wao hawawezi kumwidhinisha, lakini yeye anawaidhinisha wao. Mwaka huohuo ilani ya Republican iliacha kuunga mkono marekebisho ya katiba kuhusu usawa wa wanawake, jambo ambalo chama kilikuwa kimelikubali tangu 1940, na ikataka katiba imlinde mtoto asiyezaliwa. Mwenzao wa imani alishindwa vibaya. Mwenye ahadi ndiye aliyechukua nchi.

Kwa msomaji wa kwetu inafaa kueleza jinsi kundi kama hili linavyoweza kukigeuza chama kikubwa. Kwetu jina la mgombea hupita vikao, na vikao vya juu vinaweza kulikata hata kama wajumbe wa chini walilipenda. Marekani hakuna kikao cha namna hiyo. Anayeshinda kura za mchujo ndiye mgombea, chama kipende kisipende, na katika kura hizo watu hujitokeza wachache. Kwa hiyo watu elfu moja wanaokutana kila Jumapili, wanaojuana kwa majina na wenye mabasi yao wenyewe, wana uzito kuliko watu elfu tano wasiofahamiana. Mwaka 1988 mhubiri wa televisheni Pat Robertson alishika nafasi ya pili katika mchujo wa Iowa na kumwacha nyuma makamu wa rais, George Bush mzee. Urais hakuupata, lakini kutokana na mtandao wa kampeni yake ilizaliwa Christian Coalition mwaka 1989, ikisimamiwa na kijana Ralph Reed. Hao ndio walioshuka hadi chini kabisa: bodi za shule, kamati za chama za wilaya, wenyeviti wa vitongoji.

Silaha yao kubwa ilikuwa karatasi. Sheria ya mwaka 1954 inakataza kanisa lenye msamaha wa kodi kumpigia debe mgombea, basi karatasi haikusema mchague fulani. Iliweka majina ya wagombea wawili, na katikati orodha ya mambo. Mbele ya kila jambo, chini ya kila jina, liliandikwa neno moja tu: anaunga mkono, au anapinga. Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi zilikuwa zikigawiwa makanisani na kubanwa kwenye vioo vya magari uwanjani. Mwaka 1994, ambao Republican walilichukua Baraza la Wawakilishi baada ya miaka 40 ya kulikosa, jumuiya hiyo ilidai kusambaza zaidi ya nakala milioni 30.

Tazama tu kilichokuwa kwenye orodha. Utoaji mimba ulikuwapo, ndiyo. Lakini safu hiyohiyo ilikuwa na kupandisha kodi ya mapato, ukomo wa vipindi vya wabunge, na marekebisho ya kulazimisha bajeti isiwe na nakisi. Muumini aliyetoka ibadani akiwa bado na Meza ya Bwana kinywani alikabidhiwa karatasi iliyoweka kiwango cha kodi na uhai wa mtoto kwenye mizani moja. Nikiulizwa ni wapi hasa kanisa lilianza kusema maneno ya chama, nitaonyesha hapo, kabla Trump hajagombea urais.

Mema yapo pia, na sitayaficha kwa sababu tumeyala sisi. Seneta Jesse Helms wa North Carolina, aliyepinga kwa miaka mingi fedha za UKIMWI, aliwaambia Wakristo waliokutana Washington mwaka 2002 kwamba anaona aibu kwa kufanya machache mno. Januari mwaka uliofuata George W. Bush alitangaza mpango wa kupambana na UKIMWI wa dola bilioni 15 kwa miaka 5, na Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania zikawa miongoni mwa nchi za mwanzo. Bila msukumo wa Wakristo wa kiinjili mpango ule usingepita kwa wepesi ule. Miaka ya 90 usharika wetu ulikuwa ukizika vijana kwa mfululizo. Dawa zilipofika, mazishi ya namna hiyo yakapungua, na wapo wanakwaya leo wanaoimba kwa sababu ya vidonge hivyo. Lakini mwaka 2023 mpango huohuo ulipotakiwa kuongezewa miaka mingine 5, makundi yanayopinga utoaji mimba yalidai fedha zake zinawafikia wanaoutetea, na wabunge wakaogopa. Uliishia kuongezewa mwaka 1, Machi 2024. Waliomlea mtoto ndio waliomkaba.

Sasa nifike kwenye hiyo bei. Juni 1998, kashfa ya uzinzi ya Bill Clinton, rais wa Democratic, ikiwa imepamba moto, Wabaptisti wa Kusini walikutana Salt Lake City na kupitisha azimio kuhusu tabia ya viongozi wa umma. Walisema taifa linalovumilia makosa mazito ya viongozi wake linaua dhamiri ya watu wake. Nililisoma azimio hilo nikaona ni sauti ya kinabii, ni Nathani mbele ya Daudi akisema, "Wewe ndiwe mtu huyo." Halafu ikaja 2016. Taasisi ya utafiti ya PRRI ilikuwa imewauliza Wamarekani mwaka 2011 kama kiongozi aliyefanya uovu katika maisha yake binafsi anaweza bado kutenda kazi ya umma kwa uadilifu. Kati ya Wakristo weupe wa kiinjili, asilimia 30 walisema anaweza. Oktoba 2016, mgombea wao akiwa Donald Trump, waliosema anaweza walifika asilimia 72. Biblia haikubadilishwa katika miaka hiyo mitano. Kilichobadilika ni nani aliyekuwa akihukumiwa. Baadhi ya wahubiri waliacha habari za Nathani wakamtafuta Koreshi, mfalme wa Uajemi asiyemjua Mungu lakini aliyetumika na Mungu. Novemba, takriban 8 kati ya 10 walimpigia.

Trump aliahidi majaji, akatoa na orodha ya majina kabla ya uchaguzi, na ahadi akaitimiza. Tarehe 24 Juni 2022 Mahakama ya Juu ikiwa na majaji watatu aliowateua yeye ilifuta Roe. Kama kipimo ni kupata ulichokifuata, basi watu hawa walishinda, na nitakuwa mwongo nikisema vinginevyo.

Ila tazama kilichofuata. Miezi miwili haijafika, wapiga kura wa Kansas, jimbo la Republican tangu zamani, walikataa pendekezo la kuondoa ulinzi wa utoaji mimba katika katiba ya jimbo lao. Chama kikaanza kupiga hesabu. Julai 2024 huko Milwaukee kilipitisha ilani fupi ya kurasa 16, na lile dai la kutaka katiba ya nchi imlinde mtoto asiyezaliwa, ambalo lilikuwa limesimama kwa zaidi ya miaka 40, halikuwemo tena. Sasa jambo hilo liliachiwa majimbo. Mike Pence, aliyekuwa makamu wa Trump na ni Mkristo wa kiinjili, alisema wazi kwamba amesikitishwa. Viongozi wengine kadhaa walinung'unika. Karibu hakuna aliyesema, "Basi kura zetu hamtazipata." Wangezipeleka wapi? Kwa miaka 40 walikuwa wamewafundisha watu wao kwamba upande wa pili ni wa shetani, na Democratic nao kwa upande wao walikuwa wameshafunga mlango. Gavana wao wa Pennsylvania, Bob Casey, Mkatoliki aliyepinga utoaji mimba, hakupewa hata nafasi ya kuhutubia mkutano mkuu wa 1992.

Uchaguzi ulipofika mwaka huo wa 2024, takriban 8 kati ya 10 walimpigia Trump tena, kama mwanzo. Walioandika zile kurasa 16 walikuwa wamelijua hilo tangu Julai.

Mzee wa usharika, Moshi