Usione Haya Kusoma Riwaya ya Mapenzi

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Likoni aliniandikia kwamba kila asubuhi anapovuka kwa feri huificha riwaya yake ya mapenzi ndani ya gazeti, akichelea macho ya abiria wenzake. Nilisikitika, kwa sababu aibu hiyo naijua. Miaka michache iliyopita, katika kikao cha wasomaji hapa Mji wa Kale, Mombasa, nilieleza jinsi nilivyoifurahia riwaya ya vijana wawili wanaoshindana kuoka keki nchini Uingereza na hatimaye wakapendana. Mwenzetu mmoja aliniuliza mbele ya watu kama mwanamke wa umri wangu amekosa la maana la kusoma. Nilinyamaza, na neno lile halijanitoka moyoni hadi leo.

Kilichonishika katika riwaya ile si swali la nani atashinda. Ni ile sura ambamo kijana anamwona binti anayeshindana naye akikoroga kastadi ya mayai bila kubandua macho kwenye sufuria, kwa kuwa moto ukizidi kidogo tu kastadi hukatika, naye kwa mara ya kwanza anamheshimu. Nilimwelewa binti yule papo hapo. Tui zito la samaki wa kupaka nalo hukatika likiachwa lichemke kwa nguvu, na marehemu mama alinifunza kusimama na mwiko mkononi hadi litokote taratibu, hata mgeni akibisha hodi.

Kwa hiyo, dada yangu, usiziruke sura za mapishi ukikimbilia za mapenzi, kwa maana mwandishi hodari huyaweka mapenzi humo humo jikoni: nani anamwachia mwenzake mayai ya mwisho, nani anakumbuka kwamba mwenzake hapendi sukari nyingi. Nakusihi pia usome huku ukipika. Mimi nilisaga mchele uliolowekwa pamoja na tui, nikatia hamira, sukari na iliki, na muda wa kusubiri mchanganyiko wa mkate wa sinia uumuke ulinitosha kuisoma fainali yote. Nilipopanga makaa juu ya kifuniko, machozi yalikuwa yakinitoka kwa ajili ya watu wawili wasiokuwepo duniani, na sioni kwa nini nimwombe mtu yeyote radhi.

Anayeidharau furaha ya namna hiyo aulizwe mara ya mwisho alimaliza kitabu lini. Wewe kesho ukipanda feri, liache gazeti nyumbani.