Marehemu Alipata Wapi Nauli?

Simulizi yangu ya kwanza ya mapenzi yenye mzimu ilifia sehemu ya 9. Niliituma usiku kwenye kundi letu la WhatsApp, wengi wao watu wa hapahapa Moshi, nikakaa kusubiri kelele. Binti ndiyo kwanza amegundua kwamba kijana anayempenda, anayepanda naye daladala ya Kiboriloni kila Jumamosi, alishazikwa miaka mitatu iliyopita. Nilijua watu watashikwa na arosto. Wa kwanza kujibu akawa mama mmoja muuza ndizi wa Mbuyuni: "Mwanangu, huyo marehemu nauli alikuwa anapata wapi?"

Kundi zima likacheka. Na mimi nikajichekesha, ila iliniuma, maana alisema kweli. Kijana wangu alikula chipsi, alilipa nauli, alishikana mikono na binti stendi mbele za watu, halafu ghafla sehemu ya 9 akapita ukutani. Mzimu wangu haukuwa na masharti.

Wazee wa hadithi walilijua hili zamani. Jini anakuoa, lakini usimuulize anatoka wapi. Mganga anakupa dawa, lakini usigeuke nyuma njiani. Msomaji akishalijua sharti, huna haja ya kumwaga damu ili aogope. Anakaa anangoja kuona nani atalivunja, na kwenye mapenzi huwa analivunja yule anayependa zaidi.

Nikaanza upya. Safari hii sikuazima jini wa watu, nilitoka nje nikaangalia kihamba cha bibi, shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Kimezungushiwa masale, kama vihamba vingi vya Uchaggani. Mmea uleule unaoweka mpaka ndio unaopandwa kaburini, na mtu aliyekukosea akikuletea jani lake kuomba radhi, kumkatalia ni jambo zito. Nikajiuliza nilikuwa nahangaika na kuta za nini.

Sharti likawa hivi: kijana havuki masale mpaka aitwe kwa jina lake. Binti jina hilo halijui, amezoea kumwita kwa jina la utani. Msomaji analijua tangu sehemu ya 2, limeandikwa kwenye msalaba ambao binti anaupita kila asubuhi akienda kuteka maji. Basi bibi mtu akianza tu, "Yule mtoto wa jirani aliyekufa, si alikuwa anaitwa...", wasomaji wangu roho mkononi, na hakuna hata paka aliyelia. Mwanzoni nilidhani taharuki ni kumficha msomaji kila kitu. Siku hizi nampa kitu kimoja ambacho wapenzi hawakijui, namwacha ahangaike nacho mwenyewe.

Na chakula nacho nikakirekebisha. Kijana wa sasa hali kitu. Ila kila wakikutana, yeye upande wa barabarani, binti upande wa ndani, anamuuliza: "Leo kiburu kilikolea magadi?" Binti anamweleza, ndizi ziliivaje, maharage yalikuwaje, nani aliunguza sufuria. Anaona amepata mwanamume anayejua kusikiliza. Wasomaji waliandika "jamani nipate wa hivi" kwa wiki mbili nzima, mpaka mmoja akashtuka kwamba anauliza kwa sababu ladha ameshaisahau. Kama nina sehemu moja ninayojivunia, ni hiyo.

Wengine wananiuliza kama ni lazima mzimu uwe wa kweli. Si lazima. Kwenye Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla ya mwaka 1960, mzimu uko mpaka kwenye jina la kitabu, lakini mpelelezi wake, Bwana Msa, anafuatilia mambo ya watu walio hai. Jane Eyre wa Charlotte Brontë, mwaka 1847, anasikia kicheko cha ajabu ghorofani. Kumbe ni mke wa yuleyule bwana anayetaka kumwoa, amefungiwa humo. (Samahani kama nimekuharibia uhondo, lakini kitabu kina zaidi ya miaka 170.) Kinachotisha ndicho kinachozuia ndoa. Mzimu wangu wa kwanza ungeweza kuutoa ukaweka ajali ya bodaboda, na mapenzi yasingetikisika. Kwa hiyo amua mapema, ni mzimu au ni mtu, kisha funga mdomo.

Kuhusu kukata sehemu patamu: kata, lakini si kila siku simu iite na mlango ugongwe. Watu wanachoka, bando lenyewe ghali.

Sehemu ya 12 bibi alilitaja jina, na binti akalirudia kwa sauti, ameshika jembe, mgongo umeelekea masale. Nikakata hapo, saa nne usiku. Mama wa Mbuyuni akajibu baada ya dakika tano: "Mwanangu, ya 13 itume mchana."