Unaenda kupimwa kizunguzungu? Hiyo dawa ya asubuhi ulizia kwanza

Jamani kama umeandikiwa kile kipimo cha sikio la ndani, cha kumwagiwa maji sikioni huku umevalishwa miwani kubwa yenye kamera, nisikilize kwanza. Mi nilihangaika na kisunzi miezi mitano, natembea naona kama navutwa kushoto, sasa siku ya kipimo asubuhi nikameza sinarizini, dawa yangu ya kizunguzungu, kama kawaida ili nisidondoke njiani, hakuna aliyenikataza. Majibu yakatoka masikio yote mawili dhaifu. Nililia mpaka nyumbani, kumbe dawa ndo ilikuwa imetuliza mishipa ya fahamu isijibu, ikabidi nirudie na kulipa upya.

Maji yenyewe ni ya nyuzi 30 halafu ya 44, yaani saba chini na saba juu ya joto la mwili, kila sikio mara mbili. Mle ndani kuna vimirija vyenye majimaji, yakipoa au yakipata joto yanasogea, ubongo unadhani kichwa kinazunguka na we umelala tuli, basi macho yanaanza kukimbia yenyewe na hayo macho ndo yanayopimwa, kulia kunalinganishwa na kushoto. Daktari Robert Bárány wa Vienna ndo aliyeligundua hili baada ya wagonjwa aliokuwa anawasafisha masikio kulalamika kizunguzungu, akapewa Nobel ya 1914.

Kwa hiyo muulize daktari dawa ipi uache na lini, mara nyingi ni kama saa 48 kabla, pombe pia. Ila za presha, kisukari au kifafa usiziache kwa kujiamulia, tafadhali sana. Wanja usipake, kamera inauchanganya na mboni. Ngoma ya sikio kama imetoboka, sema mapema kabla maji hayajaingia. Na nenda na mtu wa kukurudisha.

Mara ya pili mpimaji aliniambia nitaje mikoa bila kunyamaza, maana akili ikikaa bure macho yanatulia. Nilifika Kigoma kitanda kikaanza kuzunguka nikamshika mkono kwa nguvu, dakika mbili hivi kikapoa chenyewe. Sikio la kushoto lilijibu nusu tu ya la kulia. Sasa hivi kwa zoezi la kizunguzungu nina herufi nimeibandika ukutani, kila asubuhi naikazia macho huku nageuza kichwa kulia kushoto, na wiki hii nimeweza kwenda sokoni peke yangu.