Sakafu ya trela inayobonyea: tafuta maji kabla ya kununua mbao

Ndugu, umeeleza kwamba sakafu ya trela yako ya kulala inabonyea karibu na mlango tangu mvua za Aprili, na unauliza kama inatosha kupigilia plaiwudi mpya juu ya ile ya zamani. Nakusihi usifanye hivyo, kwa kuwa utaufunika uozo nao utaendelea kuila mbao kimyakimya.

Tafuta kwanza maji yanakoingilia, ambako mara nyingi si chini bali ni kwenye kingo za dirisha au paa, yakateremka ndani ya ukuta. Mwagia maji kwa mpira, ukianzia chini kupanda juu, mwenzako akiwa ndani na tochi. Kisha ondoa zulia, udunge sakafu kwa bisibisi kila upana wa kiganja: mbao nzima hukataa, iliyooza humeza ncha kama mkate uliolowa. Yangu ilikuwa na doa la ukubwa wa sahani, kumbe uozo ulikuwa umefika chini ya kitanda.

Kata hadi kwenye mbao ngumu, msumeno usizidi unene wa sakafu, maana nyaya na bomba la gesi huweza kupita chini yake. Acha pakauke kabisa, kisha weka plaiwudi isiyopenya maji, ya unene uleule. Ukinunua plaiwudi soko la Gikomba, Nairobi, kagua kingo zake. Tabaka zikiwa zimeachana, irudishe.

Usiingie chini ya trela iliyoshikiliwa na jeki pekee. Fremu ikiwa imeliwa na kutu, mwite fundi wa kuchomelea, na mtungi wa gesi utolewe kabla hajaanza.