Mbegu za maharage ya mabawa, Lushoto

Dada, nimekuelewa: maharage yale ya mabawa kutoka Asia yanajaa majani huko Lushoto, mbegu hakuna. Urefu wa mchana usiulaumu, kwetu ni karibu saa 12 mwaka mzima. Kinachokunyima mbegu ni baridi. Mmea huu unapenda nyuzi 25 hadi 30, na wewe ulipanda Aprili ukaupeleka moja kwa moja kwenye ubaridi wa Juni.

Anzia Septemba, kwenye viriba. Ganda la mbegu ni gumu. Lisugue kidogo kwa msasa, loweka usiku kucha. Hamishia ukutani upande unaopigwa na jua, uweke miti imara maana hutambaa mita tatu na zaidi. Mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi sahau, itakupa majani tena.

Maganda ya mwanzo usiyachume kwa mboga (najua yanashawishi!), ndiyo ya mbegu. Yaache yakauke mtini. Ukungu ukizidi, yaanike ndani penye hewa. Mche wenye majani ya mabakamabaka ng'oa, kisha umwonyeshe afisa ugani. Ukitaka kuuza mbegu, anza na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu Tanzania, sheria inadai usajili.