Maswali na Majibu: Tazameni Laini Kwanza

Barua nyingi za wiki hii zinamhusu kwotabeki, yule mrushaji wa pasi, kama za wiki iliyopita na ile iliyotangulia. Nimechukua zile zinazonipa nafasi ya kusema lililo muhimu zaidi: laini, yaani wale wa mbele wanaosukumana kila mchezo unapoanza, ndiyo inayoamua mechi. Aliyeanza jana kufuatilia futiboli ya vyuo vya Marekani ajifunze kwanza dauni nne na yadi kumi, kisha arudi.

Michigan waliwafungaje Washington kwenye fainali ya ubingwa wa vyuo ya Januari 2024? Michael Penix wa Washington alikuwa mrushaji bora kuliko J.J. McCarthy wa Michigan. (Msomaji, Seattle)

Alikuwa bora, na hilo halikumsaidia. Usiku ule pale Houston, Michigan walikimbia na mpira yadi 303. Donovan Edwards alifunga mara mbili robo ya kwanza, kwa mbio za yadi 41 na 46. Robo ya nne Blake Corum akaongeza mbili nyingine, ikawa 34-13. Itafute video ya zile mbio za Edwards uitazame tena, lakini safari hii usimtazame Edwards. Watazame wale watano walio mbele yake, uone nani kasukumwa, kasukumwa kuelekea upande gani, na njia imefunguka wapi kabla mkimbiaji hajafika.

Laini ya Washington haikuwa dhaifu. Msimu huohuo ilipewa Tuzo ya Joe Moore, ambayo hutolewa kwa laini nzima ya mashambulizi wala si kwa mchezaji mmoja. Ila kwenye laini ya ulinzi ya Michigan walikuwapo Mason Graham, Kenneth Grant na Kris Jenkins, wakipokezana katikati, kila anayeingia akiwa na pumzi mpya. Mrushaji akisukumiwa ukuta kutoka katikati hana pa kukanyaga ili arushe vizuri. Anayemjia kutoka pembeni anaweza kumkwepa kwa hatua moja mbele. Anayetoka katikati hakwepeki.

Na msisahau Novemba 2023, ugenini Penn State, mbele ya watazamaji zaidi ya laki moja. Michigan walicheza mara 32 mfululizo bila pasi hata moja iliyohesabiwa. Uwanja mzima ulijua wanachokuja nacho. Wakashinda 24-15. Mpinzani anajua unachotaka kufanya, na bado hawezi kukuzuia: kwangu mimi hakuna ubabe unaozidi huo.

Naomba timu tatu za uhakika za kuweka kwenye mkeka Jumamosi. (Wasomaji wengi mno)

Hapana. Wachezaji hawa ni wanafunzi, wengi wa miaka 18 hadi 23, na baadhi yao hutukanwa na kutishiwa mitandaoni na watu walioliwa fedha zao. Msiniandikie tena kuhusu mikeka.

Timu yangu haimwangushi kwotabeki mara nyingi. Je, ulinzi wetu ni mbovu? (Msomaji, Dallas)

Si lazima. Ulinzi ni kazi ya milango. Kati ya kila wachezaji wawili wa laini ya mashambulizi kuna mlango, na kila mlango una mlinzi wake. Mlinzi akiuacha wake kwa tamaa ya kwenda kumwangusha kwotabeki, mkimbiaji anapita hapohapo na kina mama jukwaani wanabaki wameshika vichwa. Anayelinda pembeni kazi yake ni kuurudisha mchezo ndani, hata kama jina lake halitatajwa jioni nzima.

Mfano ninaourudia kila mwaka ni Georgia ya 2021. Waliruhusu wastani wa pointi 10.2 kwa mechi. Katikati alisimama Jordan Davis, mwenye zaidi ya kilo 150, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuwameza wazuiaji wawili kwa mpigo ili walio nyuma yake wabaki huru. Watu wa takwimu hawakumwelewa, lakini makocha walimwelewa vizuri sana.

Ulinzi huohuo uliwahi kupasuka. Desemba 2021 Alabama waliwafunga 41-24, Bryce Young akarusha yadi 421 bila kuangushwa hata mara moja. Walipokutana tena Januari pale Indianapolis, Young aliangushwa mara nne, na Georgia wakashinda 33-18. Hesabuni hizo pointi 18: mateke manne ya pointi tatu tatu, na tachidauni moja tu, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho, pointi sita. Alabama walifika karibu mara kadhaa na kila mara wakaishia kupiga teke. Young alirusha zaidi ya yadi 350 usiku ule pia! Yadi za katikati ya uwanja hazijazi ubao. Kisha Kelee Ringo akainasa pasi yake na kukimbia nayo yadi 79, mambo yakaisha. Aprili iliyofuata, walinzi watano wa timu hiyo walichaguliwa raundi ya kwanza ya drafti, uteuzi wa wachezaji wa kuingia ligi ya kulipwa, Travon Walker akiwa wa kwanza kabisa.

LSU ya 2019 ilishinda kwa pasi za Joe Burrow. Hilo halivunji hoja yako? (Msomaji, Houston)

Tuzo ya Joe Moore ya 2019 ilikwenda kwa laini ya LSU. Ya 2020 ikaenda kwa Alabama, mabingwa wa mwaka ule. Ukipata sekunde nne za kusimama, pasi ni rahisi.

Ni kweli Mkongomani aliwahi kuwaua Ohio State peke yake? (Msomaji, asili ya Bukavu, sasa Grand Rapids)

Ni kweli, isipokuwa hilo neno "peke yake". Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Montreal, aliichezea Michigan. Novemba 25, 1995, alikimbia yadi 313 dhidi ya Ohio State waliokuwa hawajapoteza hata mechi moja, na Michigan wakashinda 31-23. Eddie George, aliyepewa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka huohuo, alikuwa upande wa walioshindwa. Mfundishe mwanao jina la Biakabutuka, ni haki yake kulijua. Ila mfundishe na la Jon Runyan, aliyekuwa akisukuma watu upande wa kushoto wa laini ile. Mkimbiaji hapiti palipofungwa.

Iowa wana ulinzi mzuri kila mwaka. Mbona hawabebi ubingwa? (Msomaji, Des Moines)

Kwa sababu laini ni mbili, ya ulinzi na ya mashambulizi. Septemba 2022 waliwashinda South Dakota State 7-3 bila kufunga tachidauni: teke moja la pointi tatu, na mara mbili kumnasa mpinzani ndani ya eneo lake mwenyewe, pointi mbili kila mara. Niliipenda mechi ile. Lakini ulinzi unaorudishwa uwanjani kila baada ya dakika mbili utachoka hata kama ni wa chuma.

Mwanangu ana miaka 15, ana mwili mkubwa. Kocha anataka acheze laini na aongeze kilo 20 kabla ya msimu. Nimlishe nini? (Baba, Minneapolis)

Usimlishe kwa pupa, ndugu yangu. Laini huchezwa kwa miguu na nyonga. Anayeshuka chini kuliko mwenzake, akaweka mikono ndani ya kifua cha mpinzani na kuendelea kupiga hatua fupi fupi, humshinda aliyemzidi kilo 15. Mikono ikitoka nje ni kushika, na kushika ni kurudishwa yadi kumi. Kilo atakazoongeza ziende sambamba na mafunzo ya nguvu na urefu unaokuja wenyewe.

Hukuniuliza kuhusu joto, nami sitakuacha bila kulisema. Wachezaji wa laini, kwa miili yao, wako hatarini kuliko wengine. Mwaka 2018 Jordan McNair, mchezaji wa laini wa Maryland, alizidiwa na joto mazoezini na akafariki wiki mbili baadaye akiwa na miaka 19. Hakutumbukizwa kwenye maji ya baridi, na chuo chenyewe kilikiri kuwajibika. Kanuni ya wataalamu wa tiba ya michezo ni kumpoza mgonjwa kwanza, kumsafirisha baadaye. Kabla hujatia saini fomu yoyote, nenda uwanjani siku ya mazoezi, umwombe kocha akuonyeshe kwa macho beseni la maji ya barafu liko wapi na nani amefundishwa kulitumia. Akisita, rudi nyumbani na mwanao.